Nilisafisha maji ya tank juu ya mgeni, coral ya mwenyewe ikageuka nyeupe

Wakuu, niaje. Mlio kazini someni polepole boss asiwaone. Haya ni ya kweli, na wa kuchekwa hapa ni mimi mwenyewe, kwa hivyo sina sababu ya kuongeza chumvi. Chumvi yote iko kwa tank.

Nianze na ujinga wangu: nilisikia mgeni anakuja, nikasafisha maji ya samaki.

Mnajua kwetu mgeni akitarajiwa inakuwaje. Vitambaa vya viti vinabadilishwa, madirisha yanapanguswa, vikombe vizuri vinatoka kwa kabati. Mama Shiro, bibi yangu, alikuwa amemaliza hayo yote. Nikaona vitu vichafu vimebaki viwili tu hapo sitting room, mimi na tank.

Mimi nilioga.

Niwajuze kidogo. Mimi ni mtu wa nyumba. Naishi Ruiru, nashona mapazia hapa hapa sitting room, na nikitoka sana ni mpaka kwa gate kuchukua maziwa. Hiyo tank ya maji chumvi ndiyo safari yangu ya Mombasa. Ina samaki wawili aina ya clownfish na coral moja laini, yaani tumbawe, kiumbe cha bahari kinachoota kama mmea, rangi ya kahawia, imekaa kama uyoga, na juu yake kuna vidole vidogo vidogo vinavyocheza na maji.

Hiyo coral nilipewa na Mzee Kariuki wa Thika, fundi wa mashine aliyestaafu. Ndiye alinifunza hii hobby.

Sasa, watu wa coral tuko na desturi yetu. Yako ikikua, unakata kipande unampea mwenzako. Si roho safi peke yake. Ni kuweka akiba kwa nyumba ya mtu. Yako ikifa, unaenda kukata kwa yule ulimpea.

Na ya mzee ilikufa. Stima ilipotea kwao Thika akiwa ameenda matanga, pampu ya maji ikazima, akarudi akapata tank yote imeoza. Akanipigia simu.

"Kijana, ile yangu iko?"

Nikamwambia iko, na imenona. Akasema atapitia Jumapili baada ya kanisa.

Kwa hivyo wakuu, elewa hapo: ile iliyokuwa kwangu ndiyo ilibaki. Ikienda, mzee hana tena pa kukata.

Maji yangu nayo yalikuwa yamegeuka njano, kama juice ya embe iliyozidishwa maji. Tank ikikaa hufanya hivyo, mabaki ya chakula na uchafu wa samaki yanayeyuka humo. Dawa inajulikana, activated carbon. Ni makaa, lakini si ya jiko (hayo niliwahi kujaribu, msiniulize). Haya yametengenezwa yakabaki na vitobo vidogo sana ndani, na uchafu unanaswa humo maji yakipita. Unaweka kidogo kwa mfuko wa neti, unaosha vumbi lake, unaingiza kwa filter.

Kidogo. Hata mkebe uliandikwa kidogo.

Mimi Alhamisi nikamwaga mkebe wote, kwa sababu Jumapili ilikuwa karibu.

Ijumaa asubuhi hiyo tank ilikuwa kama haina maji. Unaona samaki wanaelea tu hewani. Nikamwita Mama Shiro aone. Nikamwita hata Mama Brayo, jirani wetu, aache kuanika nguo aje ashangae. Nilijiona profesa.

Jumamosi coral ikajikunja. Nikasema imechoka tu.

Jumapili asubuhi ilikuwa imepauka, rangi ya ugali.

Nilishika simu nimwambie mzee niko na homa. Mama Shiro akaniangalia. Nikaweka simu chini.

Mzee akaingia na suti ya kanisa, mkononi kopo la ice cream la kubebea mali yake. Hakukaa. Aliinama mbele ya tank, akachungulia mpaka kwa filter.

"Uliweka carbon ngapi?"

"Kidogo."

"Kijana."

"Mkebe."

Akanieleza pole pole. Ile njano ilikuwa inapunguza mwanga. Coral ilikuwa imezoea kukaa kwa kivuli. Nimeondoa kivuli mara moja na taa za juu ya tank ni zile zile kali, mwanga wote ukaishukia. Imeungua.

"Na wewe ni mtu wa mapazia," akasema. "Ungekosa kujua mengine yote, si hii."

Nikamwambia basi akate kipande aende nacho. Akakataa. Ikiwa dhaifu hivyo, wembe utaimaliza. Akatoa carbon yote kwa filter, akarudisha kama vijiko viwili, akaniambia nipunguze masaa ya taa. Mimi nikatafuta kipande cha neti kilichobaki kwa pazia ya mteja wa Juja, nikakunja mara mbili, nikatandaza juu ya tank, chini ya taa.

Akaenda na kopo tupu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Wiki zilizofuata nilikaa zaidi mbele ya tank kuliko mbele ya cherehani. Wateja walinitafuta. Mzee alikuwa anapiga simu kila Jumapili, na sauti ya mtu anaulizia mgonjwa wa ward.

"Imeamka?"

"Bado, mzee."

Kahawia ilianza kurudi kutoka kwa shina. Nikakunjua neti ikabaki safu moja. Siku vidole vilipotoka tena, mimi ndiye nilimpigia kwanza.

Akakuja na wembe mpya. Akakata, akaweka kipande kwa kopo na maji ya tank yangu. Alipofunga kifuniko ndipo nikaona meno yake. Saa hii iko Thika, imejishikisha kwa jiwe, inakua.

Nilichojifunza: carbon ni nzuri na bado natumia. Weka kidogo, ongeza pole pole, na maji yakianza kung'aa punguza taa kwanza. Na ukiachiwa kitu ya mtu, usiifanyie majaribio wiki ambayo anakuja kuichukua.

Wenye tank, hasa nyinyi mnaochanganya chumvi na maji ya kununua kwa duka la refill, mnaweka kiasi gani? Na kuna mwingine amewahi kuunguza coral, ama niko peke yangu? Niambieni hapo chini, matusi pia nitasoma.

Jana nilimsimulia Mama Brayo yote haya hapo kwa kamba ya nguo, vitobo na mwanga na kila kitu. Alisikiza mpaka mwisho, pegi mdomoni. Akaitoa, akasema:

"Kwani huyo mzee alikuwa anakuja kunywa hiyo maji? Si ungempea tu chai."