Tuzo Iliyomtia Mama Faili Wasiwasi

Zahanatini walimwita Mama Faili, na wengi hawakujua kama ana jina lingine. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye chumba kimoja chenye makabati manne ya chuma, akipokea kadi dirishani na kuchomoa faili bila kutafuta mara mbili. Aliyoyasoma humo hakuwahi kuyatoa nje, hata kwa mumewe.

Siku moja ikaja barua. Kulikuwa na chama kilichotoa tuzo mbili hadharani kila mwaka: ya aibu kwa wanaochungulia mambo ya watu, na ya heshima kwa wanaoyasitiri. Ya heshima ilikuwa yake. Barua ilisema kwamba mwezi wa pili alikataa kumwonyesha mtu faili la mchumba wa mwanawe.

Mumewe alifurahi. Yeye aliingiwa na wasiwasi. Ni kweli mama mmoja alikuja, akafunga mlango, akaweka bahasha mezani na kubembeleza aambiwe kama mchumba wa mwanawe ana ugonjwa. Mama Faili alimrudishia bahasha yake, akamfungulia mlango. Lakini chumbani walikuwa wawili tu.

"Nani amewaambia?" alimuuliza mumewe. "Pale kazini kuna mtu ananisikiliza."

Shuku yake ikamwangukia muuguzi wa chumba cha pili, maana ukuta kati yao ulikuwa wa mbao. Akapanga maboksi ukutani. Akawa ananong'ona na wagonjwa mpaka wazee wakalalamika hawasikii kitu. Salamu za muuguzi akazijibu kwa mkato, na alipoulizwa kuna kosa gani, akasema hakuna neno.

Mwishowe alikwenda ofisi ya chama. Binti aliyempokea alikuwa na fomu mezani, akaifunika kwa kiganja.

"Aliyetuandikia aliomba asitajwe, mama."

"Basi tuzo yenu siitaki."

"Kuikataa unaweza. Jina sitakupa."

Mama Faili alijitambua katika jibu hilo. Na yeye huwajibu watu hivyo hivyo dirishani. Akatia saini ya kukubali, shingo upande.

Ukumbini, tuzo ya aibu ilikwenda kwa mwenye nyumba aliyetega kamera kwenye korido ya wapangaji wake. Hakutokea. Mama Faili alipoitwa, sifa alizosomewa hazikumwingia; macho yalikuwa yakipekua viti, yakimtafuta muuguzi. Hakumwona.

Wakati wa kutoka, mtu akamshika mkono. Alikuwa yule mama wa bahasha.

"Niliandika mimi," alisema taratibu. "Nilitoka kwako nimenuna. Nilipofika nyumbani nikakumbuka hata faili langu liko kabatini mwako, na wakwe nao wana miguu ya kuja kuuliza."

Kumbe katika watu wawili wa chumba kile, Mama Faili alikuwa hajamfikiria wa pili. Alimuuliza kuhusu harusi, akaambiwa ilishafungwa na wanaishi vizuri. Akashukuru, akaondoka na aibu yake.

Asubuhi aligonga mlango wa muuguzi, akamweleza yote, tangu barua hadi maboksi. Muuguzi alikuwa anakunja bendeji. Hakuinua uso.

"Ungeniuliza tu, dada," alisema. "Miezi yote hiyo nilidhani nimekuudhi."

Mama Faili akavuta kiti, akachukua bendeji nyingine, akaanza kukunja.