Mbegu za Kilelengwani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwenyekiti wa chama chetu cha kusaidia wakulima alinipokea Garsen akiwa katikati ya matope, suruali ameikunja hadi magotini.

"Karibu kazini," alisema. "Vua viatu."

Tulishinda tukijenga ghala la mbegu juu ya nguzo ndefu, ili mto ukifurika maji yapite chini. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa kijana wa Wenje niliyejua kusoma na kupiga kasia. Kila baada ya mavuno wakulima walileta sehemu ya mpunga wao, tukauanika, tukauchanganya na majivu kuzuia wadudu, tukauweka kwa msimu ujao. Kutoka Garsen nilipelekwa Idsowe, kisha nikahamishiwa Kilelengwani kuwa mtunza ghala.

Huko ndiko mafuriko yalikonikuta. Mahindi yote yalioza shambani. Mama Habona, mjane mwenye watoto wadogo, alikuja ghalani na wenzake.

"Mwanangu, tufungulie. Tuna njaa."

"Mama, tukila mbegu, maji yakipungua mtapanda nini?"

"Na tukifa, atapanda nani?"

Nilituma habari Garsen, naye Mwenyekiti akaja mwenyewe kwa mtumbwi. Hakuwahubiria uvumilivu.

"Mbegu ni zenu," aliwaambia. "Mkisema nifungue, nafungua. Ila kwanza niacheni niende kwa Waorma."

Nilimpigia kasia hadi kwenye miinuko walikohamia wafugaji na ng'ombe wao. Tangu kiangazi walikuwa wakizozana na wakulima wetu juu ya njia ya kunyweshea mifugo, na nilijua tungefukuzwa. Mzee Guyo, mkuu wa boma lile, alimsikiliza Mwenyekiti hadi mwisho.

"Watoto wanalia?" aliuliza.

"Wanalia, mzee."

Akawaita wanawake walete vibuyu vya maziwa, akaamuru ng'ombe mmoja achinjwe. "Mambo ya njia tutazungumza wakishashiba," alisema.

Tulirudi na mtumbwi uliojaa, tukawa tunakwenda kila asubuhi hadi maji yalipopungua. Mama Habona ndiye aliyetangulia kuingia shambani na mbegu. Na mpunga ulipokwisha kuvunwa, wakulima wenyewe walifyeka njia pana ya ng'ombe hadi mtoni, wakikata katikati ya mashamba yao mazuri. Hakuna aliyewalazimisha.

Nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na wakubwa niliowatumikia ni wengi, lakini sikumpata mwingine kama yule Mwenyekiti. Nikienda Kilelengwani huwaona ng'ombe wa wajukuu wa Mzee Guyo wakishuka kunywa maji, na wajukuu wa Mama Habona wakiwapisha.