Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Mdogo wangu alipopata kazi katika hoteli moja ya Kitale, karibu na stendi, nilimshukuru Mungu kwa magoti. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Wadogo wawili wa mwisho walisoma shule ya msingi bila karo, lakini kaka yao mkubwa alikuwa ameingia sekondari, na biashara yangu ilikuwa karoti tu. Nilipanda Kitale kuzinunua kwa magunia, nikazishusha Bungoma kuziuza kwa mafungu. Mshahara wa huyu msichana ndio ungemweka kijana shuleni. Wazazi wetu walikuwa wamekufa, mmoja akimfuata mwenzake, na mimi niliacha masomo darasa la saba nikawa mama wa wenzangu.

Siku moja nilimaliza ununuzi mapema, nikaenda hotelini kwake bila kumwarifu. Nilitaka kumwona akifanya kazi. Nilimwona kwa mbali, aproni ya kijani imembana kiunoni, kitambaa begani, akipita kati ya meza na sahani za maharage kama mwenyeji. Nilifurahi kimoyomoyo. Nikakaa karibu na kidirisha cha jikoni na kumwagiza mhudumu mwingine chai na mandazi.

Kupitia kile kidirisha nilimwona mpishi, mwanamume mwenye kitambi, na nyuma yake mwanamke mrefu aliyeinamia karai la vyombo. Alikuwa Msudani. Miaka ile Wasudani wengi waliokimbia vita walipanga nyumba Kitale. Alikuwa mweusi wa kung'aa, na chale zimepita kwenye paji la uso.

Chai ikaja katika kikombe cha bati kilichozungushiwa uzi mwekundu kwenye kishikio. Sikujali. Nilikuwa nimepiga funda moja tu mdogo wangu aliponiona. Uso ulimchanua, akaja mbio, "Dada! Mbona hukusema unakuja?" Kisha macho yake yakatua mezani.

"Wee! Nani amewekea dada yangu chai kwa kikombe ya Makaa?"

Yule mhudumu mwenzake alijifunika mdomo. "Woi! Sikuona uzi, haki."

Mpishi akatoa kichwa dirishani, amefurahi kama aliyeletewa zawadi. "Mama, hebu toa ulimi tuone kama imeshika masizi."

Watu wa meza ya pili wakacheka. Mpishi akaona amepata wasikilizaji.

"Si mnajua huyu wetu? Stima ikipotea hapa jikoni mimi sitafuti mshumaa. Nasema tu, 'Makaa, cheka nikuone!'"

"Na hachekangi," mdogo wangu akadakia. "Ndio maana tunagongana hapo ndani."

Wakacheka tena, na yeye akicheka kuwashinda. Nilimtazama usoni nikitafuta aibu, hata kidogo, sikuiona. Ni mtoto niliyemfundisha kusema pole kwa mtu aliyejikwaa.

Yule mwanamke waliyemwita Makaa hakugeuka. Mikono yake ilitulia majini, halafu ikaendelea. "Vikombe vyote ni safi," alisema. "Yenu na yangu. Mimi ndio naosha."

"Kuosha ni kazi," mpishi akamjibu. "Kunywa ni ingine."

Hapo ndipo nilipoelewa utaratibu wa pale. Wateja wa asubuhi wakipungua, wafanyakazi hunywa pamoja chai iliyobaki, na yeye hunywa kwa chombo chake, kinachotundikwa kwenye msumari wa peke yake, kando ya gunia la makaa. Mikono yake inasugua kila kikombe kinachoingia midomoni mwao, lakini mdomo wake ndio wanaouogopa.

"Huu uzi nani ameufunga?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Ni mimi, Dada." Aliinua kidevu. "Wiki ile ya kwanza. Vilikuwa vinachanganyika. Mama mwenye hoteli akasema niko na akili."

Baba na mama walipokufa, majirani wote walijua ni ukimwi, na amu yetu wa Bokoli aliyetuchukua alijua pia. Mke wake alitutengea mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia tuunywee, mkebe mmoja kwa sote, akauweka nje uani ili usiguse vyombo vya watoto wake. Huyu aliyesimama mbele yangu na aproni ndiye aliyekuwa akijikata mdomo kwa ukingo wa ule mkebe. Niliacha shule kwa sababu hiyo hasa, ili niwarudishe wote katika nyumba ya baba, iliyokuwa inavuja, tunywe tunavyotaka.

Nilimaliza chai yangu. Ilikuwa yangu, nilikuwa nimeilipia. Nikamwambia mdogo wangu anifuate nje.

Tulisimama nyuma, kwenye tangi la maji. Harufu ya mafuta yaliyorudiwa kukaangwa ilitufuata hadi pale.

"Nenda ukafungue ule uzi," nilimwambia.

"Dada, ni utani tu. Hata yeye amezoea."

"Wewe ulizoea kwa amu?"

Aliangalia ndani haraka, kana kwamba napiga kelele, na sikuwa nimepaza sauti. "Usitaje hiyo maneno hapa, tafadhali. Unajua watu wa hapa? Wakijua wazazi walikufa na nini, kesho na mimi nitafungiwa yangu. Sasa hivi wote wanaangalia yule. Waache waangalie yule."

Kumbe ndivyo alivyopiga hesabu. Nilikuwa nimedhani ni ujinga wa ujana, nami ujinga ningeuvumilia. Lakini alijua kila kitu, ladha ya bati lenye kutu, na kusimama uani wakati wenzako wamekaa. Alijua, akamtafuta mtu mwingine wa kumvisha aibu ile. Kinyaa nilichokisikia kwa mpishi kilikuwa kidogo ukilinganisha na hiki.

"Chagua," nikasema. "Ukafungue mbele yao wote, au uvue aproni twende nyumbani."

"Na karo?"

"Karo ni yangu."

"Dada, karoti haziwezi."

"Nimesema ni yangu."

Alilia kidogo, kisha akaingia. Nilingoja mlangoni. Nilisikia mpishi akiuliza, "Ati unaenda? Unaenda wapi na wateja wamejaa?" Nikasikia sauti ya mwenye hoteli, mama wa heshima aliyeimba kwaya kanisani, ikisema, "Kama ni mshahara, si ungeniambia, mwanangu?"

Alipotoka alikuwa na mkoba wake na aproni hana.

"Umefungua?"

"Nimeacha kazi. Si umesema nichague?"

"Umewaambia kwa nini?"

"Nimesema wewe ni mgonjwa, unanihitaji nyumbani."

Nilikuwa nimempa njia mbili, naye alikuwa amechagua ile isiyomgharimu hata neno moja kwa yule mwanamke. Ndani, mpishi alikuwa anaita tayari, "Makaa, leo utahudumu meza wewe! Lakini usiwaguse wateja, watapaka rangi!" na kicheko cha watu kikaja hadi barabarani.

Tulirudi Bungoma. Kijana alikosa muhula mmoja shuleni, na yule msichana alibeba magunia pamoja nami hadi soko la Chwele, mvua na jua, bila kulalamika hata siku moja. Watu walimsifu kwa bidii yake. Niliitikia, "Ndiyo, ana bidii." Zaidi ya hapo sikuwa na sifa ya kumpa.