Asali Ndani ya Kalamu ya Babu

Wiki iliyopita fundi alinirudishia kalamu ya wino ya marehemu babu, inang'aa na inaandika tena. Akaniuliza, "Humu ndani mlikuwa mnaweka nini? Kulikuwa na kitu kimeganda, kinanata."

Nikaikumbuka alasiri moja pale Itigi. Babu alikuwa anamwandikia barua mama, aliyegombana na baba akarudi kwao Tabora. Nilikuwa nimeiona kalamu ile ikinywa wino chupani, nikaamini huandika kile ilichonyweshwa. Babu alipotoka kuitikia hodi, niliinywesha asali ili maneno yawe matamu.

Aliporudi, alikwaruza karatasi, halikutoka hata neno moja, ila tone linalonata. Akainusa ncha, kisha akavinusa vidole vyangu. Nikangoja kofi.

"Umefanya nini, mjukuu wangu?"

"Nataka mama arudi, babu."

Honi ya treni ikasikika kwa mbali. Akaikunja karatasi ile tupu, akavaa koti.

"Hii barua nitaipeleka mwenyewe."

Siku ya nne mama alishuka naye kwenye treni, ameishika karatasi ile mkononi, bado inanata.

Utoto wangu wote niliamini asali ndiyo iliyomrudisha. Leo najua ni babu. Lakini jana, kabla ya kuijaza wino, niliinusa kwanza.