Nyumba Ambayo Bwana Idadi Hakuihesabu
Fundi viatu alisimama mlangoni mwa duka la ushonaji, kofia mkononi, wala hakuingia.

"Dada," alisema, "hebu simamisha cherehani kwanza."

Mshonaji alikuwa anatia zipu kwenye sketi ya shule. Akaondoa mguu kwenye pedeli. Asubuhi ile zamu ya kukaa na kaka yake hospitalini ilikuwa ya fundi viatu, jirani na rafiki wa huyo kaka, na zamu ilikuwa haijaisha.

"Saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu. Aliomba maji. Nilipogeuka na kikombe, ameshatuacha."

"Alikunywa?"

"Hakuwahi, dada."

"Mungu ampokee," alisema. Kutwa nzima yale maji yalimkaa rohoni kuliko jambo lingine lolote.

Marehemu alikuwa karani katika ofisi ya mtaa, na mtaa mzima ulimwita Bwana Idadi. Kila baada ya miaka mitano alipita nyumba kwa nyumba na ubao wake wa kuandikia, akiuliza nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehama, watu wanafanya kazi gani na wanaongea lugha gani. Hakuwa na mzaha kazini, ila watu walimfanyia mzaha. Mzee mmoja alipoulizwa lugha ya nyumbani, alijibu, "Ya kugombana," na mkewe akadakia kutoka jikoni, "Andika hivyo hivyo, baba, hapo hajasema uongo."

Hata dada yake alimhoji kama mgeni.

"Jina?"

"Kaka, jina langu hulijui?"

"Jina la mkuu wa kaya. Umri?"

"Ule wa mara iliyopita."

"Mara iliyopita ilikuwa miaka mitano nyuma."

"Basi niachie hapo hapo, nimepazoea."

Alimwelezea kwa nini hacheki. Serikali haiujui mtaa kwa sura, inaujua kwa hesabu. Maji, madarasa na barabara hugawanywa kwa kutazama daftari, na ukichezea daftari umekula haki ya mtaa wa pili.

Msimamo huo ulimponza. Hesabu ya mwisho, miaka miwili iliyopita, mtaa wenye watu elfu tano ulikuwa upewe zahanati. Wao walipungukiwa na kumi na saba. Mkuu wa mtaa alimsihi aandike vijana waliohamia mbali kutafuta kazi.

"Si watoto wetu hao?"

"Ni wenu, ila hawalali hapa. Watahesabiwa wanakolala."

"Kumi na saba tu, ndugu yangu!"

"Na hao kumi na saba wataugulia hapa lini?"

Zahanati ikajengwa kwingine. Akina mama waliobeba watoto wenye homa hadi ng'ambo ya barabara kuu waliacha kumsalimia. Yeye mwenyewe, kifua kilipombana, alisukumwa juu ya mkokoteni mwendo ule ule, na daktari alisema amecheleweshwa. Hakulalamika. Alimshika dada yake mkono akamwomba jambo moja tu: alazwe karibu na mama yao, katika makaburi ya mtaa. Dada akakubali.

Ndiyo maana, mchana wa siku ya msiba, alikwenda na fundi viatu ofisini kuomba kibali. Nafasi makaburini zilikuwa chache, na sheria ilisema atazikwa humo aliyemo kwenye daftari la wakazi tu, lile la hesabu ya mwisho. Mkuu wa mtaa alifungua daftari, akateremsha kidole, akarudi juu, akateremsha tena. Nyumba ya Bwana Idadi haikuwemo.

Ikabidi aitwe karani mwenzake wa mtaa wa jirani. Kwa utaratibu wao, mhesabuji haihesabu nyumba yake, huhesabiwa na mwenzake, na nyumba iliyokwisha huandikwa namba mlangoni kwa chaki. Karani yule alikiri, macho chini, kwamba siku ile hakumkuta mtu. Alitangulia kuandika namba ili kuokoa muda, akijiambia atapita jioni kuuliza maswali. Bwana Idadi aliporudi aliona chaki, akadhani jirani amemjibia na amehesabiwa. Mwenzake naye alipopita jioni aliona chaki, akasahau, akadhani ameshahesabu.

"Basi mwandikeni sasa," alisema mshonaji.

"Mwenye nyumba huja kujiongeza mwenyewe, dada. Kwa mkono wake." Mkuu wa mtaa alijikuna shingo. "Mpangaji ndiye anayeweza kuongezwa na mwenye nyumba."

Fundi viatu aliruka. "Mwandike kwangu! Tangu mkewe afariki, si alikuwa anakula kwangu?"

"Naandika mpangaji?"

"Andika!"

Kalamu ikafunguliwa. Mshonaji aliitazama. Mstari mmoja, na mama na mwanawe wangelala pamoja kama alivyoahidi.

"Alipanga kwako?" alimuuliza fundi viatu, taratibu.

"Dada, mambo gani tena hayo?"

"Nakuuliza. Alipanga?"

"Hapana."

"Basi msiandike."

"Ni mstari mmoja tu," alisema mkuu wa mtaa, safari hii kwa upole.

"Angekuwa hai angeufuta." Akaficha uso kwenye mtandio. "Ee Mungu, nisamehe. Nilimwahidi."

Walimzika kesho yake saa tisa alasiri, katika makaburi ya jiji, nyuma ya machimbo ya kokoto. Gari la kukodi lilibeba jeneza na wazee, wengine walikwenda kwa miguu. Mkuu wa mtaa alikuja, na yule karani wa jirani alishika sepetu toka mwanzo hadi mwisho, akikataa kupokewa. Sala ilikuwa fupi kwa sababu ya vumbi. Mshonaji alitupia udongo mara tatu, akasema, "Kaka, nenda salama," akasogea pembeni kuwapisha wengine. Walipomaliza kufukia, wakaweka kibao chenye jina na mwaka, wakaitikia amina, wakaondoka.