Moshi wa Mwanaisha

Mmenisumbua. Kikundi chenu cha akina mama kina watu waliomaliza shule, wengine mpaka sekondari, na bado mmekuja kwangu mimi niliyesomea ngumbaru, mnaniambia: "Bibi Zainabu, tuandikie maisha ya Mwanaisha, wewe ndiye unayemjua." Namjua, ndiyo. Mke mwenza mnayekaa naye ua mmoja tangu ujana utaachaje kumjua? Lakini mngeuliza kwanza kama napenda. Haya, someni.

Mwanaisha ni mtu wa Bungu. Jafari, mume wetu, alipomleta huku, mimi nilikuwa nimeshazaa na nyumba yangu imeshasimama. Yeye alikuja na kicheko. Anaanza kucheka kabla hujamaliza kusema, na wewe unajikuta unatafuta ulichosema cha kuchekesha. Uzuri hana. Ni mfupi, meno ya mbele yameachana, kisigino kimoja anakiburuza. Lakini kulima analima, hilo siwezi kumnyima. Akishika jembe kwenye ule mteremko wa karoti, vijana humpisha. Plamu zake zinaisha Mombo kabla ya za watu wote, kwa kuwa kila abiria wa basi anamwita "mwanangu", na wao wanakubali kuwa wanawe. Nikipeleka za kwangu, kubwa kuliko zake, narudi na nusu ya kapu. Ninyi mnaita kipaji. Mimi naita kelele.

Tuliishi kwa zamu, Jafari kwangu, Jafari kwake, bila ugomvi wa kusikika nje. Kisha kifua cha Jafari kikaharibika. Akikohoa, anashika ukuta. Daktari wa zahanati akasema mzee huyu asilale tena kwenye moshi.

Sasa, nyumba zetu zote mbili zina jiko ndani, mafiga matatu, na juu yake dari. Darini tunatundika mbegu za mahindi zipate moshi, fukusi wasiziguse. Mama zetu walifanya hivyo. Asiye na moshi hana mbegu.

Jafari akatwambia, "Zamu zimekwisha. Nitakaa moja kwa moja kwenye nyumba yenye moshi mdogo."

Alisema hivyo kama mtu anayechagua kiti. Mimi mke mkubwa nibaki na ukuta, Mwanaisha abaki na mume?

Ndipo akaja Glory, binti wa mzee Tobia wa kule kanisani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Nimetumwa na zahanati, bibi. Napima hewa ya ndani ya nyumba."

"Hewa nayo inapimwa? Kwa kibaba au kwa debe?"

Akacheka kwa adabu. Akatoa kidude cheupe kama redio ndogo, akakitundika karibu na mafiga, usawa wa pua ya mtu aliyeketi kigodani. Akasema kinavuta hewa na kupima vumbi la moshi lililomo. Kingine kama hicho akakitundika kwa Mwanaisha. "Ila msibadilishe kitu, bibi. Pikeni kama siku zote mpaka nitakapokuja kuvichukua."

Kama siku zote! Mtu anakuja kukagua nyumba yako, nawe umwonyeshe masizi? Sikulelewa hivyo. Nikazima moto. Nikazoa majivu, nikasugua mafiga, nikasiriba ukuta kwa udongo mweupe, nikafungua madirisha mpaka ukungu ukaingia kukaa na mimi. Kile kidude kikabaki kinavuta baridi tu.

Lakini kula lazima. Nikachukua chungu changu cha maharage na mzigo wa kuni, nikaenda kwa Mwanaisha.

"Dada, kulikoni?"

"Nimesiriba jikoni, hapajakauka."

"Karibu, karibu. Ngoja nisogeze sufuria."

Hakuuliza tena. Nikakaa, nikachochea. Kuni zangu zilikuwa za mti wa mwati, na zilikuwa mbichi kidogo. Sikuzichagua, ndizo zilizokuwa karibu. Moshi ukajaa mpaka tukawa tunasikiana bila kuonana. Mwanaisha anafuta machozi na kucheka: "Dada, leo tutaiva sisi kabla ya maharage!" Nikapika kwake hivyo mpaka kipimo kikaisha. Na asitokee mtu kusema nilidanganya. Moto wangu ni wangu, nauwasha nikitaka.

Glory akarudi, akavitoa vile vidude, akaangalia simu yake. Tulikuwa uani sote, Jafari kakaa katikati.

"Kwa Bibi Zainabu hewa ni safi sana," akasema. "Sijaona bado jiko la kuni safi namna hii."

Nikamtazama Jafari. Akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa Mama Mwanaisha ni mbaya. Imepita kiasi kabisa."

Mwanaisha akainama, akawa anakunja ncha ya kanga yake. Hakucheka. Mimi sikungoja. Niliingia mwenyewe nyumbani kwake, nikachukua blanketi la Jafari na kigoda chake. Natoka mlangoni blanketi likiwa begani, namsikia Glory anamalizia:

"Kwa hiyo jiko sanifu lenye bomba, ambalo tunalo la kaya moja tu hapa, tutalijenga kwa Mama Mwanaisha. Yeye ndiye mwenye shida."

Nikasimama na kigoda mkononi.

Fundi alipokuwa anajenga, Jafari alikaa kwangu. Mwanzoni sikuwasha moto ndani, nikapika nje kwenye manyunyu. Baridi ya Julai mnaijua. Akaniambia, "Zainabu, hapa ni nyumbani au ni kisimani?" Nikawasha. Akakohoa mpaka machozi, nikazima. Akatetemeka, nikawasha tena. Ikawa ndiyo kazi yangu, kuwasha na kuzima.

Bomba lilipochungulia juu ya paa la Mwanaisha, moshi wote ukawa unapandia huko nje, ndani joto tupu. Jafari akatia kigoda chake kwapani. "Naenda kuota moto kidogo." Hicho kidogo hakijaisha mpaka leo. Kikohozi kimepungua, sikatai. Sasa wanacheka wawili, nami nawasikia.

Halafu Mwanaisha akaja kwangu na mafungu ya mahindi ya mbegu.

"Dada, nitundikie kwako. Kwangu hakuna moshi tena, fukusi watazimaliza."

"Yaani mgosi Jafari kwako, moshi kwangu?"

Akacheka kile kicheko. "Si uje tupike wote, dada! Lile jiko umelitafuta wewe, na zile kuni zako mbichi."

Alijua! Kumbe muda wote alijua, na aliniacha nichochee. Tena ananiambia bila hasira, nikose hata pa kumshikia.

Mbegu nilizitundika. Akipanda, watu watajua zimetoka dari ya nani. Kupika kwake sikwenda na siendi.

Huyo ndiye Mwanaisha, msifuni mkitaka. Yangu nimemaliza, imebaki yenu. Mmoja wenu mwenye miguu mizuri ateremke Lushoto kesho asubuhi, amtafute Glory anakofanya kazi, amlete hapa na kidude chake. Apime tena kwangu, moto ukiwaka, mlango umefungwa. Kuni nimeshaziweka, na si kavu. Nataka jiko lenye bomba, na bomba liwe refu kuliko la jirani. Mpaka hapo msinipitie mlangoni na karatasi nyingine.