Kitambaa Kilichotoka Kizima

Mama mkubwa wangu alikuwa dobi wa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kwa miaka kumi na tisa. Ovaroli za mafundi zilimfikia nyumbani kwa magunia, zikarudi zimenyooka utadhani mpya. Doa hakuwa na simile nalo: akikuona na kola chafu, anakuvua shati hapo hapo mlangoni. Maji ya kufulia hakuyamwaga njiani, asije akawachafulia majirani. Aliyapeleka nyuma ya nyumba, kwenye tuta lake la mboga.

Kiwanda kilipofungwa, akaja binti mmoja mtaalamu wa udongo. Aligawa vitambaa vyeupe vya pamba kwa nyumba nne za karibu na ukuta wa kiwanda, vifukiwe kwa miezi miwili. Mama mkubwa alikipiga pasi chake kwanza, ndipo akakifukia kwenye tuta. Sitii chumvi, nilikuwepo.

Siku ya kufukua, vya majirani vilitoka na matundu, kimoja kimebaki nyuzi tu. Chake kilitoka kizima.

"Mnaona?" akajipiga kifua. "Mtu msafi anajulikana hata chini ya ardhi!"

Tulicheka wote isipokuwa yule binti.

"Mama, kitambaa huliwa na vijidudu vya udongo," alisema taratibu. "Kikitoka hivi, ujue vimekufa au vimebaki vichache mno. Nitaupima, lakini nahisi una risasi nyingi."

"Risasi? Kwani nani kapigana hapa?"

"Si za bunduki, mama. Ile risasi ya kwenye betri. Hapa umekuwa ukimwaga nini?"

Mama mkubwa aligeuka kutazama mlango wa jikoni, alikokaa binti yake, dada yangu, mwenye mimba ya miezi saba, akichambua mboga za tuta lile. Alikuwa akizila kila siku kwa amri ya mama yake, eti zinaongeza damu. Nilimhurumia mama mkubwa hadi nikashindwa kumtazama usoni.

Aliingia jikoni, akampokonya beseni.

"Usile tena hizi."

"Kwa nini, mama? Si ulisema—"

"Nimekuwa nikikulisha ovaroli, mwanangu."

Kliniki waliikuta risasi kwenye damu ya dada. Mtoto alizaliwa salama, mkorofi kama bibi yake, ila bado anapelekwa kupimwa kila baada ya miezi michache, na siku hizo bibi hali kitu mpaka majibu yatoke.

Mtaalamu alimwambia ukweli: risasi haitaondoka yenyewe. Samadi na majani yaliyooza vinaweza kuishikilia kidogo isitembee, na kuvirudisha vile vijidudu. Basi mama mkubwa anasomba samadi kwa toroli, yeye aliyekuwa akiziba pua kwa harufu ya soksi. Kwenye tuta ameotesha nyasi tu. Na kila baada ya miezi miwili anafukia kipande cha nepi kuukuu ya mjukuu.

Juzi alinipigia simu, nikakimbia nikidhani kuna msiba. Nilimkuta uani ameshika kipande cha nepi chenye udongo. Katikati palikuwa na tundu, dogo kama ukucha wa mtoto.

"Vimekula," alisema, huku machozi yakimtoka.

Akakianika kambani vile vile kilivyo, bila kukifua.